Malkia wa Choo

Utani wangu haujawahi kumtoa mtu damu. Hilo nililisema mara nyingi kwa majigambo, na nililiamini mpaka jioni ile klabuni.

Ni klabu ya ngumi, nyuma ya gereji. Nikitoka shule napita huko kufanya mazoezi, yaani kupigwa. Jioni ile mifuko ilikuwa ikilia puu! puu! Dada yangu, tunayemwita Nyundo, alikuwa ulingoni akimtwanga Kifuu, jitu la misuli na domo. Konde la mbavu, konde la shavu, Kifuu akayumba. Ghafla dada akashika tumbo, akaruka kamba na kukimbilia chooni, glovu zikiwa bado mikononi.

"Malkia wa Choo huyooo!" Kifuu akapiga kelele. "Mpisheni akakalie kiti chake!"

Klabu nzima ikaangua kicheko. Jina hilo lilikuwa limeshazagaa. Lilitoka wapi? Hayo tuyaache kwanza.

Dada alirudi akivua glovu kwa meno. "Rudia ulichosema."

"Malkia wa..."

Konde kavu lilimpata mdomoni. Kifuu akajibu kwa kichwa, unyusi wa dada ukapasuka. Walianguka, wakabiringishana, benchi likavunjika chini yao. Kocha aliwamwagia ndoo ya maji ndipo wakaachana. Jino la mbele la Kifuu lilikuwa sakafuni. Vidole vya dada vilichanika na kuchuruzika damu.

"Kila shindano likikaribia unakimbilia chooni," Kocha alimfokea. "Sitaki bondia mwoga. Mashindano ya mwezi ujao, nafasi yako nampa mwingine."

Makonde hayajawahi kumliza dada. Maneno hayo yalimliza.

Mama alitupeleka zahanati. Daktari, mwanamke wa makamo, alikuwa katikati ya kumshona dada vidole, mara dada akainuka. "Samahani, daktari, siwezi kungoja!" Akatoka mbio, uzi ukining'inia.

Aliporudi, daktari hakucheka. "Hali hii imeanza lini, mwanangu?"

"Miezi mingi sasa. Tumbo linaninyonga, linajaa gesi mpaka suruali haifungi. Nikienda chooni napata nafuu. Mara naharisha, mara siku kadhaa sipati choo, tumbo gumu kama saruji. Nikiwa na wasiwasi ndiyo balaa."

"Choo kina kamasi?"

"Mara nyingine."

"Damu je? Homa? Unakonda bila sababu? Maumivu yanakuamsha usingizini?"

"Hapana."

Alimpima, na majibu hayakuonyesha ugonjwa mwingine. "Una utumbo unaosumbuka upesi," alieleza. "Haujaoza wala hauna kidonda, lakini maumivu yake ni ya kweli. Wasiwasi huuchochea, ila hujifanyi, wala si woga. Tutatafuta vyakula vinavyokuchokoza, na nitakupa dawa ya kutuliza."

Mama hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kocha. Sisi tuliokuwa nje tulisikia sauti yake tu, ya Kocha hatukuisikia kabisa. Dada akarudishiwa nafasi yake.

Siku ya mashindano vidole vilikuwa vimepona. Dada alikwenda chooni kabla ya kengele bila kujificha, akarudi, akapanda ulingoni. Raundi ya kwanza alipigwa pua ikavuja. Raundi ya pili alimbana mpinzani kwenye kona, akamtandika mbavu, akamalizia na konde la kidevu. Yule bondia akaanguka kama gunia, mwamuzi akahesabu mpaka mwisho.

Kocha alitukusanya. "Nilikosea, na mnisikilize. Mwenzenu akinyongwa na tumbo mara kwa mara, likijaa, choo mara laini mara kigumu, msimcheke. Mwambieni aende hospitali. Akiona damu au akikonda ovyo, asingoje hata kesho. Aibu ndiyo inayomfanya mtu aumie kimyakimya." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa, lile jina alilianzisha nani?"

Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wa mtaani, Kocha. Hawana adabu kabisa."

Kifuu akatabasamu, pengo wazi. "Wa mtaani gani, dogo? Si wewe uliyeniambia, pale mlangoni pa choo? Tena ulipiga na saluti."

Kitu kizito kikanigonga kifuani. Zilikuwa glovu, na dada ndiye aliyezirusha.

"Vaa, mdogo wangu," alisema, akinitanulia kamba za ulingo nipande.