Amri ya Shemeji

Asubuhi ile, katika ofisi ya kutengeneza programu za hospitali, Mama Pacha aligusa faili moja tu, la risiti. Alipoandika amri ya ukaguzi, kompyuta ikamjibu kuhusu faili jingine kabisa: *Dozi za watoto. Hapa inatakiwa namba, mmeweka neno.*

"Nani kafungua faili la dozi?"

Hakuna aliyelifungua.

Amri hiyo aliitunga Shemeji, kaka wa mke wa bosi. Ilikagua mafaili yaliyobadilishwa tu, ikionyesha namba ziliposomwa kama maneno, na bila amri hiyo kuidhinisha, programu haikutumwa hospitali. Faili la dozi bosi alilipitisha kwa nguvu. Shemeji akabisha, akafukuzwa mbele ya watu, na homa ikamchukua muda si mrefu. Mazikoni ofisi haikwenda. Bosi alisema kazi zimebana.

Amri iliendelea kujibu vilevile. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya karafuu, yale aliyojipaka Shemeji kwenye jino bovu. Kisha, mchana kweupe, vitufe vya kibodi kwenye meza yake isiyo na mtu vikaanza kubonyea kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtu anayetafuta herufi gizani, na pumzi nzito ikawa inapita nyuma ya shingo zao, ikisimama kwa huyu, ikisogea kwa yule, hadi dada wa mapokezi akatoka mbio kiatu kimoja mguuni, na hakurudi kufuata cha pili.

"Bosi," Mama Pacha alinong'ona, "si tulifungue tu lile faili tuone?"

"Na wewe umeanza? Hospitali inasubiri. Hilo ni jini, litatolewa."

Mganga alipofukiza ubani, kitu kikampanda Mama Pacha kichwani. Sauti nzito ya kiume ikatoka kinywani mwake.

"Unataka nini?" mganga akauliza. "Damu? Manukato?"

"Sitaki kitu. Someni."

Mganga akasita, akamgeukia bosi. "Mzee, huyu hana ubaya. Anawaomba msome."

"Nimekuita umtoe, sikukuita uwe mkalimani."

Akamtoa. Kilio kikashuka ngazi, kilio cha mtu mzima anayesukumwa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, kikafika barabarani kikazimika. Bosi akaandika amri. *Hakuna kosa.* Faili la dozi halikuwa limebadilishwa siku hiyo, hivyo haikulitazama. Watu wakapiga makofi, programu ikatumwa.

Wiki haikuisha, nesi akapiga simu kutoka wodi ya watoto.

"Daktari aliagiza mililita moja, kisha mbili, jumla tatu. Mashine ya dripu ikafuata programu yenu, ikampa mtoto kumi na mbili. Mama yake bado amemshika, hataki kumwachia."

"Ukaguzi ulisema hakuna kosa," bosi akajibu, akakata.

Mama Pacha akalifungua faili. Kosa lilikuwa pale pale juu, wala halikujificha: namba zimeandikwa kama maneno, na kompyuta, badala ya kujumlisha moja na mbili, imezibandika pamoja. Angeliona siku yoyote. Walikuwa wameliogopa jini, faili hawakulisoma.

Wenzake walipoondoka, akaketi kwenye kiti cha Shemeji. "Kaka," akaita kwa sauti ya chini, "rudi. Makosa mengine yapo, najua yapo."

Akanusa hewa. Akasikiliza.

Mganga alikuwa amefanya kazi yake vizuri.