Chura wa Sauti ya Kwanza

Kosa lilikuwa la Dayib, na mwenyewe hulisema kabla hujamaliza kumsalimu. Alijua. Alipokuwa chuoni kule Isiolo, maalimu aliwafundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza tabibu kuua chura hata kwa ajili ya dawa; na wazee wakaongeza kwamba ule mlio wake ni tasbihi, anamtaja Mola wake usiku kucha wakati sisi tumejifunika gubigubi. Alilijua hilo kama anavyolijua jina la mamake. Na bado alimuua mmoja kwa mkono wake, bila hata bismillahi, na alipomuua alicheka.

Alicheka kwa sababu aliona haya mbele ya msomi. Hilo nalo hulisema.

Msomi mwenyewe alikuwa Serah, Mkenya, mtaalamu wa vyura, aliyepanga chumba cha uani katika nyumba ya Dayib na mkewe Muhubo, mtaa wa Nyakuron, hapa Juba. Alikuwa akimtafuta chura mdogo wa kijito, mgongo rangi ya jani kavu, anayeishi katika misitu ya milima ya Imatong, na hakuna aliyejua hasa anafika wapi: anashuka bonde lipi, anahama kijito au hahami. Dayib alikuwa na Land Cruiser kuukuu, basi akawa dereva. Na kwa kuwa mkono wake hautetemeki, akawa pia mshika mkasi.

Kazi ilikuwa hivi. Usiku wanatembea ndani ya maji, tochi kwenye paji la uso. Chura akimulikwa machoni huganda, hana ujanja tena. Anaokotwa, anageuzwa chali, anapimwa kutoka pua hadi kiunoni, kisha ncha ya kidole chake cha mguu inakatwa ili siku akikamatwa kwingine ajulikane alikotoka. Akikamatwa mara ya pili, kidole cha pili. Mara ya tatu haachiwi. Huyo safari zake zimeshajulikana. Anatiwa kwenye chupa ya dawa, akahifadhiwe.

Usiku wa mwisho, pale chemchemi inapochomoza, walimkuta mmoja juu ya jiwe. Alikuwa akilia kwanza, peke yake, ndipo kijito kizima kinamwitikia. Vidole viwili hana. Hakuruka. Aliwatazama tu.

"Huyu hapana, mzee," alinong'ona Ivan, mwenyeji wa huko aliyekuwa akiwaonyesha njia. "Huyu ndiyo nafungulia wengine. Watu ya hapa hapana gusa yeye."

Serah akamgeukia Dayib. "Wewe ni mtu wa dini. Unasemaje?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Neno moja tu lingetosha.

"Daktari, chura ni chura," alisema, akacheka, akamsukuma chupani kwa kidole gumba, akamshikilia mpaka miguu ikaacha kupiga kioo.

Kijito kikanyamaza. Si chura, si nyenje. Hadi alfajiri walisikia maji tu, na maji yenyewe kama yalikuwa yakipita kwa kunyata.

*

Waliporudi, Juba ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Maji yalikuwa yakiletwa na lori na kumiminwa kwenye pipa la bluu nje ya jikoni.

"Dayib," alisema Muhubo asubuhi moja, "kuna chura kwa pipa."

"Kiangazi hiki? Ametoka wapi?"

"Nitajuaje mimi? Labda ameshuka tishari pale bandarini, anatafuta kazi kama sisi."

Wakacheka. Dayib akafunua pipa. Maji yametulia, hayana kitu, ila yalinuka ukoga wa mawe ya msituni, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kali, ya dawa ile ya chupani. Akafunika. Chura akalia chini ya kiganja chake, mara moja, kama anayejaribu koo.

Siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri Muhubo alijinyoosha kwenye mkeka. Mayowe yake yalimtoa Dayib barabarani. Ncha ya kidole kidogo cha mguu haikuwepo. Mkato ulikuwa msafi, mweupe, na damu ilichelewa kidogo kama iliyosahau kazi yake, kisha ikaruka hadi ukutani.

"Panya hao," alisema Serah akimfunga. Kisha akainama zaidi, akaacha kufunga. Alimvuta Dayib kando. "Ebu angalia vizuri. Huu mkato umeenda mshazari. Panya hang'ati hivi." Akamtazama mkono. "Huu ni mkato wako."

Kesho yake ulikuwa mguu wa Serah. Siku iliyofuata, mguu wake ule ule, kidole cha pili, na safari hiyo kitanda chake kilikutwa kimepasuliwa katikati na yeye amebanwa kwenye pembe ya dari kama buibui, akilia bila sauti. Dayib alimshusha kwa ngazi. Hakutaka hata kunywa maji. Alitupa nguo begini, akapelekwa na Dayib uwanja wa ndege.

"Nairobi ni mbali," alisema. "Haiwezi kufika."

Dayib alitaka kumwambia kwamba hilo ndilo swali walilowauliza vyura: mnafika wapi? Akamshushia begi tu.

Jioni ya pili simu ililia. Ni Valary, dadake Serah, na maneno yake yalikuja vipande vipande. Mlango wa bafu walikuwa wameuvunja. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Serah alikuwa chini, magoti yamekunjwa hadi tumboni, mikono kifuani, macho wazi, na ngozi imelainika na kupauka kama mtu aliyekaa ndani ya dawa mwezi mzima, ilhali saa moja kabla walikuwa wamekula pamoja.

"Mlimfanya nini huko?" Valary aliuliza. "Dada yangu mlimfanya nini?"

Usiku huo mwanga uliingia. Haukuingia kwa dirisha wala kwa mlango, ulikuwa tu mle chumbani, mweupe, wa duara, ukiwa umemlenga Dayib machoni, na yeye akaganda, akajua kwa mara ya kwanza kile wanachokijua vyura, kwamba mtu anaweza kuwa na miguu na asiwe na njia, na huku ameganda hivyo akasikia maji yakitembea juu ya saruji kavu, hatua kwa hatua, na vidole baridi, virefu, vingi kuliko vya mkono mmoja, vikamshika Muhubo pembeni yake, vikamgeuza chali, vikamnyoosha kutoka pua hadi kiunoni bila haraka, kama vya mtu aliyefanya kazi hiyo mara nyingi, na Muhubo akabamizwa kila alipojikunja, ukutani, sakafuni, tena ukutani, mpaka meno yake mawili yakagonga sinia, na baada ya hapo mkasi ukafunguka polepole, ukafungwa.

Giza likarudi. "Kimeenda cha pili," alinong'ona Muhubo, mdomo umejaa damu. "Dayib. Wewe unaijua hii kazi. Cha tatu ni nini?"

Dayib alimshika mguu akaubana mpaka alfajiri.

*

Sheikh Nuradin anauza vitambaa soko la Konyokonyo, na watu humwita kusomea wagonjwa. Alikuja na fimbo na chupa ya maji ya kisomo. Dayib alikuwa ameshaitoa ile chupa chumbani kwa Serah, yenye chura, akaiweka mbele ya mkewe.

"Assalaamu alaykum," sheikh alisema kwa ukali, kama anayebisha nyumba ya mwizi.

Macho ya Muhubo yakapinduka. "Wa alaykumu salaam warahmatullah," alijibu, kwa sauti ya mawe yanayosagana chini ya maji.

Sheikh akaanza Ayatul Kursi. Jini lililokuwa ndani ya Muhubo likasoma naye, herufi kwa herufi, na pale ulimi wa sheikh ulipoteleza kwa hofu, likamsahihisha. Alipoinua fimbo, mkono ukakunjwa hewani, mfupa ukalia kama ukuni mkavu, sheikh akaanguka.

"Usitupige," ilisema sauti. "Sisi ni waja kama nyinyi. Tulikuwa tukisimama nyuma ya huyo mliyemtia chupani kabla babu zenu hawajazaliwa. Yeye anaanza, sisi tunaitikia. Sasa safu zimesimama hazina wa kuanza."

"Mchukueni, huyu hapa," alisema Dayib akisukuma chupa.

"Mfu hamwanzii mtu."

"Basi nichukueni mimi. Nilimuua mimi!"

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuacha uone. Magharibi ya leo, huyu tunamhifadhi."

Sheikh Nuradin, jasho likimtoka, amekumbatia mkono wake, akasema chinichini, "Dayib, walaal, ndugu yangu, hawa siwezi kuwafukuza. Wana haki. Mpe mwenye haki haki yake."

Dayib akapiga magoti. "Mimi nitaanza," alisema. "Kila magharibi. Mwacheni mke wangu."

Kisha Muhubo akaanguka kama gunia lililokatwa kamba, na kile kilichokuwa ndani yake kikaingia kinywani mwa Dayib, baridi, kikapanua taya mpaka likateguka, kikapapasa koo, kikavunja kitu humo na kukipanga upya, damu ikamtoka puani, na alipopumua tena, pumzi yake ililia.

Muhubo yuko hai. Anachechemea, na meno yake mawili ameyazika uani. Mchana Dayib huongea kama mimi na wewe, ila kwa sauti ya kukwaruza. Jua likizama hukaa karibu na pipa, hufunga macho, moyoni anasema Subhanallah, na koo linatoa mlio ule wa msituni. Na pale Nyakuron, kwenye vumbi tupu pasipo na kijito, pande zote wanamwitikia. Wengi.

Siku moja jirani mmoja alisikia, akachungulia juu ya ukuta akamulika tochi. Mwanga ulimpata Dayib machoni, akaganda, sauti ikakatika. Ndani ya nyumba, pembeni mwa kitanda alicholala Muhubo, mkasi ukasikika ukifunguka. Ni rehema za Mungu tu kwamba betri ya jirani ilikuwa imechoka.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, ukipita mtaa huo baada ya magharibi ukasikia chura mmoja anaanza na wengine wanajibu, nakuomba, zima tochi yako. Pita polepole. Muhubo amelala.