Panya wa Bibi Stoyna

Kila asubuhi Nevena aliamshwa na sauti ya Bibi Stoyna akimgombeza paka. Tangu mama yake aende kufanya kazi mjini Plovdiv, msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliishi kijijini na bibi yake, pamoja na ng'ombe mmoja na paka wa madoa aitwaye Sharka. Kosa la Sharka lilijulikana. Ukuta wa chokaa nyuma ya kitanda cha Nevena ulikuwa na tundu, tundu lilizidi kupanuka, na paka hajaleta hata mkia wa panya.

"Nyumba hii ina wavivu wawili," Bibi alizoea kusema, "na mmoja ana manyoya."

Mvivu wa pili alikuwa Nevena. Siku hizi alisinzia darasani, na kilima cha shule kilimfanya aheme njia nzima. Bibi alidhani ni kijicho cha watu, akadondosha makaa ya moto ndani ya maji na kumnawisha uso kwa maji hayo ili kukiondoa. Tarehe mosi Machi alimfunga mkononi uzi mweupe na mwekundu, kama kila mtu afungwavyo siku hiyo, akamwombea awe mweupe na mwekundu, yaani mwenye afya, mwaka mzima. Weupe ulikuwapo tele. Wekundu ndio uliokataa kuja.

Jioni moja Bibi alileta kikapu chenye kifuniko. Alisema kesho Sharka anahamia kwenye kinu cha Mzee Dimo, akajifunze kazi huko. Nevena alimtazama paka aliyelala miguuni pake bila habari, na aibu ikamchoma moyoni.

"Bibi, usimpeleke. Anayekula ukuta ni mimi."

Bibi alicheka, kisha akaacha. "Unakula nini, mwanangu?"

"Chokaa. Naibandua kwa kucha. Naogopa, lakini hamu yake hainiachi."

Bibi aliketi kitandani taratibu. "Nimetega mitego chumba kizima," alisema, "jibini langu zuri likakauka humo. Kumbe panya mwenyewe namsuka nywele kila asubuhi."

Siku iliyofuata walikwenda zahanati. Muuguzi, Bi. Ganka, alimfunua Nevena kope na kumtoa damu kidogo ya kupima. Daktari akawaambia kuwa damu ya mtoto imepungua kwa kukosa madini ya chuma, na kwamba mwili wa namna hiyo mara nyingi hutamani vitu visivyo chakula. Mtoto hakuwa mvivu hata kidogo, alikuwa mgonjwa.

Bi. Ganka aliuliza wanakula nini nyumbani. Bibi alieleza kwa fahari: dengu na mchicha, kila sahani ikifunikwa mtindi wa ng'ombe wake, na maziwa asubuhi, mchana na jioni. Nyama ni ya wageni. Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba maziwa ni mazuri, ila yakizidi humshibisha mtoto akaacha vyakula vingine, na huzuia chuma cha dengu kisiingie vizuri mwilini. Nevena apewe dawa kama daktari alivyoandika, ale nyama na maini, na dengu azile na pilipili hoho za achari, zisaidie chuma kuingia mwilini. Mtindi usubiri saa yake.

Bibi aliumia kusikia ng'ombe wake akishtakiwa. Hata hivyo alitii yote, na tundu akaliziba.

Mplamu ulipochanua maua, Nevena alipanda kilima bila kusimama, akafungua uzi wake na kuufunga kwenye tawi, kama ilivyo desturi. Mashavu yake yalikuwa yameanza kupata rangi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bibi alimwambia aliporudi. "Wewe ulinificha, nami nikakuita mvivu bila kukuuliza unaumwa nini. Tuliposema kweli ndipo dawa ikapatikana. Mwili ukikuambia jambo geni, nawe mwambie mkubwa wako."

Kisha akakata maini, akajaza sahani ya Nevena, na kipande kizuri akakiweka chini sakafuni.

"Haya," aliita, "wavivu wangu wawili, njooni mle."