Boti Linalozunguka Nkuhungu

Vuta ndoo, igeuze, kalia. Yenye maji iache huko huko nje, tena ifunike. Tulia usikilize, maana haya mambo hayasimuliwi mtu amesimama.

Ilianza na kikombe cha chai. Elisante alikuwa amekaa sebuleni kwake Nkuhungu, mchana, jua la Dodoma linawaka mpaka mabati yanalia. Mke wake Paulina, tumbo limeshakuwa kubwa, akamwekea chai ya rangi mezani, akarudi jikoni. Elisante hakukoroga. Hata kijiko hakugusa. Ila chai ikawa inazunguka yenyewe, taratibu, majani yanafukuzana pembeni, katikati kuna kishimo.

Akaiangalia tu. Siku zile kila kitu alikuwa anakiangalia hivyo, kama mtu anayeangalia TV ya jirani kupitia dirishani.

Paulina akachungulia. "Umesema nizime nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema zima. Nimekusikia, Eli. Nimezima jiko na maharage hayajaiva."

Elisante akainywa ile chai. Ilikuwa na ladha ya petroli. Akaimaliza.

Sasa ili uelewe, turudi nyuma kidogo. Elisante alikuwa dereva bodaboda. Akatokea Respicius, tajiri mmoja aliyeleta boti la injini kwenye bwawa la njia ya Haneti, la kutembezea watu wa mjini wikiendi. Respicius akamwambia, "Pikipiki unaweza, boti utashindwa? Tena huku trafiki hamna." Akapewa funguo siku hiyo hiyo. Sisi watu wa huku tunajua ukame, maji mengi tunayaona kwenye simu. Kuogelea nani akufundishe, kwenye pipa?

Jaketi za kuelea zilikuwepo. Rangi ya chungwa, mpya, ziko kwenye nailoni zake, zimefungwa chini ya siti. "Usizitoe kwenye nailoni, zitachakaa," Respicius alisema. "Siku wakija wageni wakubwa tutazifungua." Elisante hakuona ajabu. Kwenye boda helmeti ya abiria inaning'inia kwenye kioo, ipo kwa ajili ya trafiki, siyo kwa ajili ya kichwa. Akajua na jaketi ni hivyo hivyo.

Na kulikuwa na kamba. Nyekundu, imejikunja kama waya wa simu za mezani za zamani. Ncha moja dereva anavaa mkononi, nyingine imechomekwa kwenye swichi ya injini. Ukidondoka majini kamba inachomoka, injini inazima. Kazi yake ni hiyo moja tu. Elisante ilimkera, kila akigeuka inamvuta kama mtoto msumbufu. Akaivua mkononi, akaifunga kwenye usukani na kipande cha tyubu. Injini ikawa inaunguruma vizuri tu, awepo asiwepo.

Jumamosi moja wakaja Evarista na mchumba wake Anthony, wafanyakazi wa ofisi za mjini, wanataka picha za kabla ya harusi. Gauni jeupe limefika chini. Elisante akauliza kwa kinywa tu, "Dada, utavaa jaketi?"

Anthony akacheka. "Kaka, nimvalishe bibi harusi tenga la nyanya?"

Wakacheka wote watatu. Mpiga picha alibaki nchi kavu, akapaza sauti, "Oya dereva! Zungusha, maji yaruke nyuma yao!"

Akazungusha. Amesimama wima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anapunga. Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua na visiki vya miti ya zamani viko chini kidogo tu, huvioni. Boti likapiga kisiki. Wote wakatupwa majini.

Hapa ndipo wengi hawajui. Boti likikosa mtu haliendi zake. Usukani unajikunja wenyewe, boti linazunguka, linarudi pale pale lilipokuacha. Lilirudi. Likarudi tena. Elisante alikuwa amekumbatia dumu tupu la petroli lililoruka naye. Gauni la Evarista lilikuwa limefunguka juu ya maji kama mwavuli. Anthony alikuwa anapiga kelele neno moja, "Zima! Zima! Zima!" Na Elisante alikuwa anaiona kamba, nyekundu, pale kwenye usukani, inapita mbele yake, inaenda, inazunguka, inapita tena.

Pangaboi la injini linafanya nini kwa mtu, sitaeleza. Majeneza hayakufunguliwa watu waage. Basi.

Elisante hakulia msibani. Watu walisema ana roho ngumu. Hakuwa na roho ngumu, alikuwa hana kitu chochote mle ndani. Aliporudi nyumbani akakuta ile kamba imening'inia kwenye msumari wa nguo chumbani, inadondosha maji. Boti lilikuwa kituo cha polisi, limefungiwa na kila kitu chake. Akaichukua, akaitupa chooni. Kesho yake iko msumarini. Akaiacha.

Halafu ndiyo ikaja chai. Halafu mlio.

Kwanza ulikuwa mbali, upande wa barabara ya lami, mlio wa injini ambao jirani akiusikia anasema ni boda, ila boda hupita ikaenda zake na huu haukwenda, ulizunguka mtaa mzima, ukapita nyuma ya kanisa, ukapita kwenye mashine ya kusaga, ukarudi, na kila siku mduara unapungua, leo unapita kwa jirani, kesho unakwangua ukuta wa choo, mpaka ikafika mlio unazunguka nyumba yenyewe mchana kweupe, mbuzi waliolala kivulini wanageuza vichwa vyote kwa pamoja kufuata kitu ambacho hakipo, na vumbi la uani linapasuka katikati kama maji yanavyopasuka boti likipita, na harufu ya petroli na tope na kitu kingine kitamu kilichooza inaingia ndani mpaka kwenye unga wa ugali.

Mchungaji alikuja akaomba. Alipofika kwenye amina, maji ya ubatizo aliyokuja nayo kwenye chupa yakawa yanazunguka. Akaiweka chupa chini polepole, akasema ana kikao.

Siku hiyo jioni Paulina alikuwa bafuni anaoga. Akaita, siyo kwa kelele, kwa sauti ndogo kabisa. "Eli. Njoo."

Elisante akaenda. Maji kwenye beseni yalikuwa yanazunguka. Paulina amesimama pembeni, maji yanamchuruzika, mikono yote miwili tumboni.

"Mtoto," akanong'ona. "Hapigi teke. Anazunguka."

Elisante akaweka mkono. Kweli. Mle ndani kitu kinakwenda mviringo, kinarudi, kinakwenda.

"Nifanyie kitu," Paulina akasema. "Nimekuvumilia umekaa kama gogo. Sasa nifanyie kitu, au niende kwetu Mpwapwa nikafie huko."

Wakapanda basi asubuhi kwenda Haneti kwa mama mmoja anaitwa Hilda. Ukimwona huwezi kujua ni mganga. Ana sola kubwa juu ya bati, anachajisha simu za kijiji kizima. Uganga anaufanya simu zikiwa zinajaa.

"Mbukwenyi," akawasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe baba, usikae karibu na hizo simu. Unadondosha maji."

Elisante akajiangalia. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umelowa. Alitoka nyumbani mkavu.

Paulina akaeleza yote. Hilda alisikiliza huku anachomoa simu na kuchomeka nyingine. Mwisho akasema, "Watakwambia jini la bwawa. Waongo. Bwawa lenyewe limechimbwa na katapila juzi, jini la maji atoke wapi? Hili mmeliita wenyewe. Chombo kiliachwa kinakimbia hakina mtu. Kitu kinachokimbia hakina mtu, lazima kitapandwa. Kimeshapandwa."

"Na nani?" Paulina akauliza.

"Hana jina. Siyo marehemu, hao wamepumzika. Ni jini la njiani tu, lilikuta kiti kitupu likakaa. Sasa kamba haijafungwa kwa mtu, na lenyewe haliwezi kuzima. Linamtafuta mwenye kamba. Likimkosa litachukua mwenye damu yake." Akamtazama Paulina tumboni, akatazama pembeni.

"Dawa?" Elisante akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Dawa ni kufanya ulichotakiwa kufanya siku ile. Vaa kamba. Likija, vuta."

"Nikivuta inakuwaje?"

"Inazima."

"Na mimi?"

Hilda akakuna kichwa. "We vuta kwanza, mwanangu."

Alikuja mwenyewe Nkuhungu kesho yake. Akaweka karai uani, akamwaga maji aliyotuma yachotwe bwawani, akatia chumvi ya mawe na majivu, akamvalisha Elisante ile kamba ya msumarini mkono wa kushoto. Ncha nyingine akaitumbukiza kwenye karai. Paulina akawekwa mlangoni, amejifunga kanga mbili.

Mchana ukafika na mlio ukafika nao, ukazunguka nyumba, ukazunguka tena kwa ndani zaidi, kuku wakalala chini kama wamekanyagwa, maji ya karai yakaanza kwenda mviringo na ule mduara ukatoka kwenye karai ukashika uani wote, vumbi linazunguka, majani yanazunguka, kanga za Paulina zinamvuta kuelekea katikati, na kamba ikakaza, ikanyooka yote mikunjo ikaisha, kwa sababu chini ya maji yasiyozidi kina cha kiganja kuna mkono ulikuwa umeshika ncha ya pili, Elisante aliuona, mkono mweupe uliolowa sana, usio na kucha, na mdomo kama wa Anthony lakini siyo wa Anthony ukamsemea sikioni, zima.

Akavuta.

Kimya. Kimya mpaka ukasikia mashine ya kusaga kule mbali. Maji kwenye karai yalikuwa maji tu. Paulina alikuwa amekaa chini, anajishika tumbo. "Ametulia," akasema. "Eli, ametulia."

Elisante alitaka kumwinua akashindwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kuanzia begani. Tangu siku hiyo ukawa unaning'inia tu. Ukiuchoma sindano hajui.

"Umelipa kwa mkono," Hilda akamwambia wakati anabeba karai lake. "Kamba usiivue, ukiivua itahamia kwa mtoto. Na sikiliza vizuri: ukiivuta mara ya pili, haitachukua mkono. Itachukua kilichobaki."

Mtoto akazaliwa salama. Wakamwita Nathanaeli. Elisante akaanza kucheka kidogo kidogo, hasa mtoto akimshika ule mkono usiosikia.

Hadithi ingeishia hapo tungekunywa chai tukalala. Ila Respicius alilitoa boti polisi. Akalipaka rangi nyeupe, akalipa jina jipya, akaweka dereva mpya, Yotham, naye katoka kwenye boda. Elisante akasikia. Tangu hapo kila Jumamosi anaenda bwawani, anasimama pale watu wanapopandia, anawaambia. Vaa jaketi kabla hujakanyaga boti, siyo ukishazama. Funga vifungo vyote. Msijaze watu. Usisimame linapokimbia. Dereva, kamba mkononi, mkononi kaka, siyo kwenye usukani.

Wanamcheka. Yotham alimpachika jina, Mzee Kamba. "Mzee Kamba, nyie watu wa ajali mna nuksi, sogea huko. Kwani nikivaa hiyo kamba wewe mkono utapona?"

Jumamosi iliyopita ilikuja kwaya ya vijana, wamevaa sare za njano. Boti likajaa mpaka ukingo wake unalamba maji. Elisante alishika boti kwa mkono wake mmoja, akawasihi. Binti mmoja akasema, "Jamani, tuvae basi." Yotham akamwonyesha jaketi ziko kwenye nailoni chini ya miguu ya watu. "Zipo, dada, si unaziona?" Akawasha, akaondoka. Kamba yake mpya ya kuzimia injini imefungwa kwenye usukani kwa kipande cha tyubu.

Elisante akarudi kwenye kibanda cha mama ntilie, akakaa. Simu ikaita. Paulina. "Eli, ukirudi pitia maziwa ya mtoto. Usichelewe, anakutafuta kwa macho mlangoni."

"Sawa, Pau."

Akaweka simu mezani, karibu na chai. Chai ilikuwa inazunguka.

Akanyanyua macho. Boti lilikuwa katikati ya bwawa linaelekea kwenye visiki, kwaya wanaimba, na Yotham amesimama wima, mkono mmoja, mwingine anawapungia waliobaki nchi kavu wampige picha. Elisante akaangalia mkono wake wa kushoto, ule usiosikia kitu. Ule mkono ulikuwa umenyanyuka wenyewe. Kamba iliyokuwa inaning'inia miezi yote ilikuwa imenyooka juu ya mchanga mpaka kwenye maji, imekaza, na kule ndani kuna aliyeshika ncha yake anasubiri.

Akivuta sasa hivi, injini ya Yotham itazima kabla haijafika kwenye kisiki, na yeye maziwa hatapeleka. Asipovuta, atayasikia tena yale yale, kwa sauti nyingi za watoto wa watu.

"Zima," maji yakasema, kwa upole kabisa.

Wewe ndiye umekaa pale na chai yako, mtoto yuko nyumbani anakutafuta kwa macho. Ungevuta?