Nilijua Si Pombe Iliyomuua Mume Wangu, Nikanyamaza

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na minane, naishi Misigiri, wilaya ya Iramba. Nimeishia darasa la saba.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi mji wa mbali, kwenye nyumba ya utafiti. Kazi yangu ilikuwa kulisha panya weupe. Walipewa chakula chenye mafuta mengi na maji ya sukari mpaka maini yao yajae mafuta, ndipo wataalamu wawajaribie dawa. Maini yale niliyaona walipopasuliwa, yamevimba, ya manjano... Na pombe hawakuonja hata tone!

Lakini huku nyumbani nilisema nilikuwa muuguzi. Nani angemwoa mlisha panya? Hata mume wangu Elia nilimdanganya, na binti yetu Neema, ambaye sasa ameolewa mbali.

Elia alikuwa mzee wa kanisa, pombe hakuigusa. Alipenda soda na nyama ya kukaanga, na mkaangaji nilikuwa mimi. Alinenepa, watu wakanisifu kwa kumtunza. Kisha tumbo likajaa maji, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ni ini. Kijiji kikasema ni gongo, anakunywa kwa siri!

Wazee wa kanisa wakaniita. "Mama Neema, wewe ni nesi. Ini huharibika bila pombe?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini niliogopa wangenihoji zaidi, nilisomea wapi unesi, na uongo wangu ujulikane... Nikasema sijui.

Elia akatengwa. Jumapili alibaki uani peke yake, akisikia kwaya kwa mbali. Hakuna aliyekuja kumjulia hali.

Asubuhi moja nilishindwa, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Panya, mama Neema? Miaka yote naringia nesi wangu, kumbe mchunga panya!"

Kisha akauliza, "Walipona?"

Nikamwambia ukweli: baadhi ya waliobadilishiwa chakula mapema, maini yao yalirudi kuwa mazuri. Akageukia ukutani. Siku ya tatu akafariki, bila kunisemesha tena.

Tulimzika bila mchungaji. Baadaye niliwaendea wale wazee nikakiri. Wakatazamana. Wakasema msiba umenichanganya akili, nikapumzike. Mpaka leo wananiita nesi!

Wasomaji wenzangu, mgonjwa wa ini msimwite mlevi. Na kama ulidanganya ili uheshimiwe, sema leo, hata ukichekwa. Mimi heshima ninayo. Njiani vijana wananiamkia shikamoo... kisha nafungua mlango, ndani hakuna mtu wa kumwambia nimerudi.