Mahali Mshubiri Unapokoma

Jiwe liling'oka, na Nyanchera akaenda nalo.

Alipita katikati ya matawi mazito ya mti uliojishikiza kando ya mwamba, akayavunja kwa uzito wa mwili wake, kisha akatua kwenye ukingo wa jiwe wenye upana wa kitanda. Mguu wa kushoto ulijikunja chini yake na akasikia mfupa ukialika. Lakini si mguu uliomtia hofu. Usoni alichuruzikwa na kitu cheupe na kizito, na kabla hajakifuta kilikuwa kimeshaingia machoni.

Mti ule ni wa jamii ya euforbia. Watu wa Manga huuita mti wa maziwa, na hakuna anayekaa chini yake akiwa na akili timamu. Nyanchera, mtafiti wa mimea wa chuo kikuu, alikuwa amewaeleza wanafunzi mara nyingi kwamba utomvu wake unaunguza ngozi na unaweza kupofusha. Sasa alikuwa anajieleza mwenyewe. Akapapasa mkoba, akapata chupa, akamimina maji yote yaliyobaki juu ya macho bila kujiwekea hata funda moja. Hayakutosha. Moto uliendelea kuwaka ndani ya kope, kope zikavimba, na mwanga wa jioni ukazimika kabla ya jua lenyewe.

Simu ilikuwa imetangulia chini, akaisikia ikigonga mawe.

Alikuwa amekuja kwenye ukuta ule wa mawe kutafuta mshubiri mmoja mdogo wenye madoadoa. Kitabuni mshubiri huo ni wa nchi kavu, ng'ambo ya Bonde la Ufa, kule ambako mbuzi hutafuna hata kamba. Huku Gusii mvua haijui kupumzika, migomba na majani chai vinakunywa mwaka mzima. Basi mshubiri umefikaje hapa? Na je, ni mshubiri uleule, au ni jamaa yake tu? Kwa swali hilo Nyanchera alikuwa tayari kuning'inia popote, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Kosa lenyewe lilikuwa la Ijumaa. Nyumba za Wasabato wa huku hazina mchezo Ijumaa alasiri. Maji yanatekwa ya siku mbili, kuni zinapasuliwa, nguo zinapigwa pasi, na jua likizama kila kitu kinasimama. Abner, mwenyeji mwenye familia yake, ndiye aliyekuwa akimshikia kamba, na alianza kulitazama jua mapema. Nyanchera ni Msabato pia, akamwelewa. Akamwambia aende na kamba yake, yeye atapiga picha tu kutoka juu, kisha atalala kwa shangazi yake karibu na soko la Manga. Abner akaondoka na moyo mweupe. Alipokwisha kutoweka, Nyanchera aliuona mshubiri mmoja zaidi, hatua chache chini ya ukingo, akaushukia bila kamba.

Na kwa kuwa Msabato halisi hulala pale machweo yalipomkuta, hakuna ambaye angeuliza. Abner alijua yuko kwa shangazi. Shangazi hakuwa na habari kwamba kuna mgeni. Mama yake kule Gesima alijua yuko mjini Kisii, na jirani zake wa mjini walijua ameenda kwa mama. Kila mmoja alikuwa amemweka mahali pazuri, na hakuna aliyemweka pale alipokuwa.

Usiku mvua ilinyesha. Mwamba ulijitokeza juu yake mfano wa paa, kwa hiyo maji yalishuka mbele yake, karibu kabisa, yakimwagika bondeni. Alinyoosha mkono akapata matone ya kulowesha midomo. Kujivuta mbele zaidi hakuthubutu, kwani hakujua ukingo unaishia wapi. Alikaa ameegemea jiwe, akitetemeka, akiisikiliza mvua ambayo haikuwa yake.

Kulipokucha alijua kwa sababu ya ndege. Macho hayakufunguka. Koo lilikuwa limekauka hata mate yakawa kazi. Akaanza kuita.

Aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kigusii. Sauti yake ilitoka, ikaenda, ikapotea. Kisha kutoka chini zikapanda nyimbo. Kanisa moja lilianza, jingine likafuata ng'ambo ya kijito, na vipaza sauti vikazimimina kwaya bondeni kote. Zilikuwa nyimbo anazozijua tangu utotoni. Aliweza hata kumtambua mtu wa sauti ya nne aliyekuwa akichelewa. Watu wote hao walikuwa pamoja, wamekaa bega kwa bega, wamejipaka mafuta, na yeye alikuwa juu ya vichwa vyao akikauka. Hakuwa amewahi kuwa mpweke kiasi kile. Alilia, na machozi yakamuunguza upya.

Baada ya kulia alikasirika, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Macho yalihitaji maji mengi, leo, si kesho. Akisubiri mpaka watu watoke makanisani na jua lizame, angebaki na uhai bila kuona, na mtafiti wa mimea asiyeona angefanya nini duniani? Akaanza kufikiri kwa sauti, kama alivyozoea akiwa peke yake, yaani karibu kila siku.

"Mshubiri uko hapa kwa nini?" akajiuliza. "Kwa sababu hapa maji hayakai."

Hilo lilikuwa jibu la swali lake lote, na lilimjia akiwa hana pa kuliandika. Mvua ya Gusii ni nyingi, lakini mwamba hauishiki. Ukuta ule ni kipande cha nchi kavu kilichosimama wima katikati ya nchi ya matope. Mimea yenye majani manono hukaa humo kwa kuwa inajiwekea maji yake yenyewe, na mimea mingine haiwezi. Basi mahali ambapo minono inakoma na majani membamba yanaanza, hapo maji yanakaa. Alichotakiwa ni kuwapapasa majirani zake mmoja mmoja mpaka awafikie wale walio dhaifu.

Alifunga mguu kwa mshipi na vijiti vilivyokuwa mkobani, akavua sweta akalifunga kichwani kufunika macho, akaanza kutambaa ubavu ubavu, mkono mmoja ukutani.

Wa kwanza alikuwa mshubiri, meno pembeni ya jani, utomvu mchungu usiovuta nyuzi. Njaa na kiu vilimshawishi atafune, lakini alijua uchungu ule ungemharisha na kumtoa hata maji aliyobaki nayo. Akaupita. Akagusa jani gumu lililosimama kama upanga, lenye ncha ya kuchoma, mkonge pori. Bado ni ukame. Mbele zaidi ukingo ulipungua, akalala kifudifudi, tumbo likikwaruza jiwe, na mguu ukamfanya aume ulimi.

Kisha mkono ulikutana na miiba.

Akasimama hapohapo. Mtu mwingine angesema ni dungusi, yaani kakati. Mjini Kisii wenye maduka wameyapanda makoponi, na kila mgeni akipanda milima hii huona dungusi kila mahali. Lakini dungusi asili yake ni Amerika, hakuna lililotembea lenyewe mpaka hapa. Akapeleka kidole polepole. Dungusi hutoa miiba kwa kifungu, na huu ulikuwa umetoa miwili miwili, safu baada ya safu. Ilikuwa euforbia nyingine, ndogo. Imefanana na dungusi kwa sababu jua lilelile limewafundisha wote wawili kunenepa shina na kuacha majani, ila ukoo ni mbali kabisa. Ukilivunja dungusi unapata ute. Angeivunja hii, angemwagiwa maziwa tena juu ya kope zilizokwisha kuchubuka.

Njia ilipita chini yake. Hakukuwa na nyingine. Aligeuka chali, akalaza uso upande wa jiwe, akajisukuma kwa kisigino cha mguu mzima. Miiba ilipita kifuani, ikashika shati. Alingoja, akairudisha nyuma nguo uzi kwa uzi, akapita bila tawi kukatika. Huko chini walikuwa wamefika kwenye mahubiri.

Ng'ambo ya pili jani la kwanza lilikuwa nene bado, lakini laini, kingo zake zina mawimbi. Kalankoe. La pili lilikuwa jembamba zaidi. Halafu bua lenye maji, lililopasuka vidoleni kwa urahisi, halafu kangaga, halafu kijani laini cha mawe ambacho kilizama alipokibonyeza. Mkono ulitoka umelowa.

Nyanchera aliweka uso wake wote palipolowa. Maji yalikuwa yakitiririka kwa unyuzi mwembamba kutoka kwenye ufa. Akajikalia chini yake, akainua kope kwa vidole, akayaacha yapite machoni, jicho hili, kisha lile, kisha hili tena, mpaka baridi ikamuuma kichwa. Alikunywa baadaye.

Mlio wa mtungi wa plastiki ndio uliomshtua. Ulitoka chini, karibu, pale unyuzi ule ulipogeuka kuwa chemchemi ya watu.

"Kuna mtu!" alisema, na sauti ikatoka ya chura.

Mtungi ulinyamaza. "Nani huko juu?" mwanamke akauliza.

"Nimeanguka. Sioni. Nimeingiwa na maziwa ya mti."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Basi usisonge. Usitoe hata kidole. Nakuja na watu."

Aliitwa Maureen, Mkatoliki aliyeolewa pale, na alikuwa amekuja chemchemini kwa sababu Jumamosi haina foleni. Alibisha hodi kanisa la karibu katikati ya ibada, na Wasabato wakatoka na suti zao, wakachukua ngazi ya kupogolea miti iliyokuwa uani kwa mchungaji, wakamteremsha. Abner alikuwa miongoni mwao. Alibeba upande wa kichwa, na Nyanchera akamjua kwa pumzi zake.

Hospitalini daktari alisema jicho la kulia litarudi. La kushoto wangengoja. Alisema maji ndiyo yaliyoyaokoa, angechelewa mpaka jioni wangezungumza mengine. Maureen alikuwa bado yuko, viatu vimelowa, akimshikia kikombe.

Alimwuliza ampigie nani. Nyanchera akafikiri. Majina ya Kilatini ya mimea yote ya ukuta ule alikuwa nayo kichwani. Namba ya simu alikuwa nayo moja tu, ya mama yake. Maureen akapiga. Haikupatikana, kwa sababu mama huizima simu Ijumaa jua likizama na kuiwasha Jumamosi likizama tena.

"Basi tutangoja," Maureen akasema, akavuta kiti.

Wakangoja. Mwanga wa dirishani ulififia juu ya bandeji, Nyanchera akauhisi tu kama joto linaloondoka. Kisha simu ya Maureen ikalia, naye akaiweka sikioni mwa Nyanchera.

"Nani alikuwa ananitafuta?" mama aliuliza, kwa ile sauti yake ya kuongea na wageni.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye nilikuwa nakutafuta."

Miaka mingi binti huyu hakuwa amemtafuta.

"Omwana one, mwanangu," akasema. "Uko wapi?"

Nyanchera akamwambia. Alianza na kamba aliyomrudishia Abner, akaendelea na jiwe, na mti, na mvua iliyopita mbele yake, na nyimbo, na hakuruka mahali hata pamoja.