Mapigo Ndani ya Kikokotoo

Kikokotoo hakina spika. Bisibisi alilijua hilo vizuri, maana alishakifungua na kukifunga mpaka skrubu zake zikaanza kulegea. Kwa hiyo kilipolia ti, ti, ti juu ya meza, mchana kweupe, alikichukua akakitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza nazi ina maji au haina. Kikaendelea kulia.

Jina la Bisibisi alipewa kwenye karakana ya hospitali, alikokuwa akitengeneza mashine za wagonjwa. Nyumbani ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kikokotoo cha kuchora grafu, kile cha wanafunzi wa hesabu, alichotaka kikimbie kuliko kilivyoumbwa. Wenzake wakipumzika wanacheza drafti, yeye anaongeza kasi. Alishakibadilisha utumbo wote, akakitia kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha mwendo, na grafu zilizokuwa zikitoka kwa kusuasua sasa zinatoka kufumba na kufumbua. Mkewe, mshonaji, alikuwa akimcheka.

"Haraka yote hiyo, hesabu zenyewe ziko wapi?"

Hesabu hakuwa nazo. Ila sikio la kufa halisikii dawa, na Bisibisi alitaka kasi zaidi. Akaitafuta kristali, kale kapande ka bati kanakogonga mapigo ya kuendesha mashine, akaitoa kwenye mashine mbovu ya kufuatilia moyo. Sasa, karakana ile ilikuwa na mwiko wake: mashine ya moyo ikistaafu, kristali yake hupondwa kwa nyundo, haiingii kwenye kitu kingine. Sababu hakuna aliyeiuliza. Bisibisi akaponda nyingine ili wenzake wausikie mlio, na ile akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani akaifunga ndani ya kikokotoo. Ujanja mwingi, mbele kiza.

Baada ya mlio ule wa ti, ti, ti ikaja harufu ya spiriti ya kusafishia vidonda, ndani ya nyumba isiyo na hata plasta. Halafu kioo kikachora mstari ambao hakuna aliyeuomba: unapanda, unashuka, unatulia, unapanda tena. Mstari huo alikuwa akiuona kazini kila siku. Akajiambia ni umeme wa cherehani ya mkewe unaoingiliana, kwa sababu kila cherehani ilipokimbia kule chumba cha mbele, mstari nao ulikimbia. Akaridhika, akajisifu hata, kisha akakumbuka kwamba cherehani ile ni ya miguu, haina waya hata mmoja.

Akashika kitufe, akashusha kasi kidogo. Cherehani ikanyamaza.

"Mume wangu," mkewe akaita kwa sauti ndogo. "Miguu imekufa ganzi. Naona giza."

Bisibisi akapandisha, akapitiliza, na kutoka kule mbele akamsikia mkewe akihema na kucheka kwa pamoja, anasema moyo unamwenda mbio kama amepanda ngazi za ghorofa, naye akarudisha taratibu mpaka pale pa mwanzo, mkono ukabaki juu ya kitufe, haondoi, hasogezi, jasho linamtiririka mgongoni, anaogopa hata kupumua kwa nguvu asije akakitikisa.

Mganga aliyeitwa na Bisibisi alikuja kama mteja, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha gauni mkononi, ili mke asishtuke. Akapimwa mabega na kiuno, akasifia mshono, kisha akajidai kuomba maji na kumfuata Bisibisi chumba cha nyuma. Alipoweka kiganja juu ya kikokotoo, akakiondoa upesi.

"Huyu aliyemo humu hakuwa na ugomvi na mtu," akanong'ona. "Kazi yake ni kukaa na moyo mpaka unyamaze. Mashine ilipokufa, akalala. Wewe umemwamsha, tena kwa pupa. Ameshika moyo aliousikia karibu."

"Mtoe basi."

"Nikimtoa, atatoka na alichoshika."

"Na betri zikiisha?"

Mganga akautazama mlango. "Usiziache ziishe. Na mkeo usimwambie. Moyo wenye hofu hukimbia, na ukikimbia, huyu hula betri." Akaondoka, na gauni lake hakulirudia.

Ndiyo yakawa maisha. Bisibisi alibadilisha betri moja moja, nyingine zikishikilia. Na kitu kilichoongezwa kasi hakishibi.

"Hicho kidude unakilisha kuliko mimi," mkewe akamtania. Bisibisi akacheka naye, kisha akaenda bafuni akafungulia maji, akalia. Alitamani sana kumwambia.

Mchana mmoja akatia betri mpya na kutoka kutafuta za akiba. Duka la jirani hazipo, la pili hazipo, akazunguka mtaa mzima akarudi mikono mitupu. Kabla hajafika mlangoni akasikia muziki. Redio yao ilikuwa kimya tangu zamani, kwa kukosa betri.

Mkewe alikuwa sakafuni kando ya cherehani, ameikumbatia redio. Kikokotoo alikuwa amekileta huku, kiko mezani, tumbo wazi, hakina betri hata moja.

"Nilitaka muziki nikishona," alisema polepole. "Nikachukua betri zako. Nilipotoa ya mwisho nikaanguka. Sijui niliziweka vipi humu, mkono ulikwenda wenyewe. Baadaye nikajaribu kuizima, moyo ukasimama. Nikaiwasha tena."

Chini ya wimbo Bisibisi akasikia ti, ti, ti: yule wa kwenye kikokotoo alikuwa amehamia redioni pamoja na betri. Chumba kizima kilinuka spiriti.

"Ulikuwa unajua?" mkewe akauliza.

"Nilijua."

Mapigo yakaanza kukimbia, na wimbo ukapungua. Bisibisi akajipapasa mifuko yote akijua hazimo, akapata bisibisi yake tu. Akapiga magoti, akamshika mke wake mikono.

"Tulia, mke wangu. Pumua taratibu. Usiogope."

"Nitaachaje kuogopa?" alinong'ona, akiisogeza redio sikioni, maana sauti ilikuwa imeshakuwa ndogo.